Rangi Tuliyopaka Wenyewe

Jumapili, 3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Goti la Bibi limeacha kulalamika, kulalamika amebaki nako mwenyewe.

Siku ile unapanda basi kwenda kiwandani uliniambia, "Soko likifunguliwa tu, narudi." Kwa hiyo naanza na soko. Bado limefungwa. Yale mabati ya buluu waliyozungushia yamepauka. Lile tangazo la ukarabati wa miezi sita limebanduka na mvua, limebaki neno "sita" peke yake, na wapita njia wanaulizana: sita nini, miaka au mameya?

Wenzako wanauza kandokando ya barabara mbele ya mabati. Askari wa jiji wanawafukuza asubuhi, halafu jioni haohao wanarudi bila sare kununua vitunguu.

Wiki iliyopita Mama Mizani, yule jirani yako wa maharage, aliitisha mkutano wa wakazi kwenye uwanja wa shule. Diwani naye alikuja. Alichelewa, akasimama, akasema paa la soko litarudishwa hivi karibuni. Fundi viatu akanyoosha mkono: "Mheshimiwa, ni hivi karibuni ya mwaka huu, au tunamalizia ile ya mwaka jana?" Watu walicheka mpaka diwani akacheka nao. Sasa mtaa mzima unamwita Bwana Hivi Karibuni. Akiitwa hivyo, anapunga mkono.

Ikaundwa kamati, ikahitaji katibu. Mama Mizani akaniona nimejibanza nyuma ya Bibi. "Huyu mtoto haongei," akasema, "kwa hiyo hatatuuza." Watu wakapiga makofi. Sikusema ndiyo wala hapana, na kumbe ukinyamaza unakuwa katibu.

Kazi yangu ni kuandikia ofisi za jiji. Naandika "Yah" juu, napiga mstari, naweka namba. Ukiandika hivyo, Mama, maneno yanakuja bila kukwama. Ni kama anayeandika ni mtu mwingine.

Jana nilichungulia soko kwa nyuma, pale bati lilipolegea. Meza yako ipo palepale chini ya ngazi. Majani yameota mahali ulipokuwa unaweka miguu.

Mwanao.

*

Jumamosi, 16 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Kondakta wa basi alinipa barua yako getini nikaisoma nikiwa kwenye foleni ya chakula, nikasahau kusogea mpaka wa nyuma akanisukuma kwa sahani. Nashukuru tunaandikiana. Simu yangu ilishakufa, na hata ilipokuwa hai, wewe kwenye simu ni ukuta: naongea mimi, najijibu mimi.

Hapa kiwandani nashona kola. Kola tu. Asubuhi kola, jioni kola. Shati lenyewe sijawahi kuliona likiwa zima. Wa kulia kwangu anashona mikono, wa kushoto anashona mifuko. Tunataniana kwamba siku tukikutana na mtu aliyevaa shati njiani, kila mmoja atasalimia kipande chake.

Hongera kwa ukatibu. Nimewaonyesha wenzangu barua yako, wakasema mwandiko huu ni wa ofisini. Nikavimba kichwa kidogo.

Lakini mwanangu, umeniambia mabati yamepauka, umeniambia diwani amecheka, umeniambia mpaka askari wananunua nini. Wewe je? Unakula? Unalala? Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa hivyohivyo. Akiwa na jambo zito moyoni alianza kuzungumzia mashimo ya barabarani. Nami nilikuwa nayajibu hayo mashimo, sikujua naulizwa nini.

Msalimie mama yangu. Mwambie goti asilifundishe kupanda ngazi.

Mama yako.

*

Ijumaa, 1 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nakula. Nalala.

Sasa habari kubwa: Meya anakuja! Barua zetu zimesomwa, au angalau moja imesomwa. Atalitembelea soko Jumatano ijayo, na Bwana Hivi Karibuni mwenyewe ndiye aliyekuja kutuambia, akiwa amevaa tai.

Kamati imepanga kila kitu. Tutampokea langoni, tutampitisha ndani, tutamwonyesha paa lilivyo, mabomba yalivyo, vyoo vilivyo. Mimi nimeandika hoja zetu kwenye karatasi moja, nami ndiye nitakayemkabidhi. Mama Mizani amesema sihitaji kusema neno, ninyooshe mkono tu.

Ila Bibi alikataa kabisa Meya aingie kwenye uchafu. "Mgeni huwezi kumkaribisha kwenye vumbi," alisema, "hata kama umemwita umsute." Basi juzi mtaa mzima ulimwagika. Tumeng'oa majani, tumezoa taka, tumeosha meza za mbele. Fundi rangi ameleta makopo yaliyobaki kazini kwake, tukapaka lango na ukuta wote wa mbele. Rangi haikutosha kuwa moja, kwa hiyo kushoto ni krimu na kulia ni manjano, lakini ukisimama mbali huoni. Mama Mizani ameahidi kupanga matunda kwenye safu ya kwanza, ili Meya aone soko lilivyokuwa.

Hakuna aliyesema tusifanye. Hata fundi viatu, mpinga kila kitu, alipaka mpaka nywele zikawa krimu.

Mama, lango linang'aa. Nilisimama kwa mbali nikaliangalia, nikakuona kabisa unatoka, umebeba mkoba wako wa vitambaa begani.

Mwanao.

*

Jumapili, 10 Machi

Binti yangu,

Marahaba, marahaba, marahaba!

Nilikuwa mezani nakula, redio ikasema Meya amelifungua soko letu. Nimesikia kwa masikio yangu, na makofi nimeyasikia, na sauti ya mwanamke mmoja akipiga kelele nyuma ambayo ningeapa ni ya Mama Mizani. Nilisimama nikasema, "Soko langu hilo!" Chumba kizima kikanigeukia. Wa mifuko akaniuliza kama limeniletea urithi.

Sasa nisikilize vizuri. Juzi msimamizi aliniita. Wananipa mkataba wa miaka miwili, nisimamie meza yetu ya kola. Anayesaini haruhusiwi kuacha kazi katikati. Asiyesaini, kazi yake inaisha mwisho wa mwezi huu. Niliomba muda, kwa sababu nilikuwa nafikiria lile soko. Likiwa limefunguliwa kweli, sisaini. Narudi, naiweka tena cherehani yangu chini ya ngazi, na wateja wangu wananijua.

Uliniandikia mnapaka rangi, kwa hiyo nadhani mambo yameiva. Lakini redio hiihii iliwahi kusema barabara yetu ina lami, na sisi tukiwa tumesimama kwenye tope tukiisikiliza. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Bibi yako atasema lolote ili nirudi. Mama Mizani atasema lolote ili asikilizwe. Wewe hujawahi kunidanganya, hata ulipovunja chupa ya mafuta ukiwa na miaka minne.

Niambie: nirudi?

Mama yako.

*

Jumapili, 17 Machi

Mama,

Shikamoo.

YAH: HALI YA SOKO

Kuhusu swali lako la tarehe 10 Machi, naomba kujibu kama ifuatavyo:

1. Soko halijakarabatiwa. Rangi iliyopo ni ile tuliyopaka wenyewe.

2. Meya alifika akiwa na watu wa kamera. Aliuona ukuta wa mbele, akasema, "Kazi nzuri." Diwani alikuwa amepita alfajiri akaiona rangi, na Meya aliposema hivyo alitoa utepe mfukoni. Ni mara ya kwanza kumwona akifanya jambo kwa haraka. Meya aliukata, akatangaza kuwa soko limefunguliwa, akapewa chungwa, akaondoka. Hakuvuka safu ya kwanza ya meza. Mama Mizani alipiga kelele, "Mheshimiwa, ingia ndani basi!" Makelele hayo ndiyo uliyoyasikia redioni, yakadhaniwa ni shangwe.

3. Kuanzia safu ya pili hakuna paa. Mvua inaingia. Meza yako imeloa.

4. Mabomba hayatoi maji. Vyoo vina kufuli, na hakuna ofisi inayokiri kuwa na ufunguo.

5. Askari wa jiji sasa wanawaondoa wenzako barabarani kutwa nzima, kwa kuwa "soko lipo wazi". Mama Mizani anauza maharage ndani ya soko, chini ya mwavuli.

Kwa kuzingatia hayo, ukiacha kazi hiyo utarudi mahali ambapo hakuna kazi. Uamuzi ni wako.

Bibi anakusalimu.

Mwanao.

*

Jumatano, 20 Machi

Kwa Mheshimiwa Diwani,

YAH: MWALIKO WA BARAZA LA JIJI KUFANYA KIKAO SOKONI

Kwa kuwa soko letu limefunguliwa rasmi, na kwa kuwa wakazi tumebaki na mshangao mkubwa, tunaomba Baraza la Jiji litupe heshima ya kufanya kikao chake kijacho ndani ya soko hilo.

Tumewatengea waheshimiwa safu ya tano, katikati kabisa, ambako kuna mwanga wa kutosha na hewa safi kutoka juu. Viti tutaleta wenyewe. Maji ya kunywa watachota kwenye mabomba ya soko, na atakayehitaji kujisaidia atatumia vyoo vya soko.

Mwezi huu ni wa mvua, lakini tunaamini hilo halitakuwa tatizo, kwa kuwa soko limekarabatiwa.

Wako mtiifu,

Katibu, Kamati ya Wakazi.

*

Alhamisi, 28 Machi

Kwa Katibu, Kamati ya Wakazi,

YAH: MWALIKO WENU WA TAREHE 20 MACHI

Ofisi ya Diwani imepokea mwaliko wenu na inawashukuru kwa moyo wa uzalendo.

Hata hivyo, baada ya ukaguzi wa kitaalamu, imebainika kuwa sehemu kubwa ya jengo hilo haina paa, haina maji, na vyoo vyake havitumiki. Kwa sababu hizo jengo si salama kwa waheshimiwa. Kikao kitafanyika ukumbini kama kawaida.

Aidha, wafanyabiashara wote wanakumbushwa kuendelea kufanya shughuli zao ndani ya jengo hilo, na si barabarani.

Changamoto zilizotajwa zitashughulikiwa hivi karibuni.

Karani,
Kwa niaba ya Diwani.

*

Jumanne, 2 Aprili

Binti yangu,

Barua yako niliipata mapema, kuijibu ndiko nimekawia.

Niliisoma nimesimama. Nikaisoma tena nimekaa kitandani. Mara ya tatu nilikuwa natafuta mstari mmoja tu. Nilipita namba moja, nikapita namba mbili, nikafika namba tano. Nikageuza karatasi nikaangalia nyuma. Haukuwepo.

Nilijiambia labda ni yale mashimo ya barabarani ya baba yako. Kisha nikajiambia, hapana, mtoto amekua. Ana kamati, ana mambo ya watu wazima, anaandika kama mwanasheria. Nilimwacha mtoto aliyekuwa anashika ncha ya gauni langu tukivuka barabara, na sasa ananiandikia "uamuzi ni wako". Ndivyo inavyotakiwa. Mtoto hulelewa ili aweze kusimama bila wewe. Sikujua tu kwamba siku ikifika inauma hivi.

Basi nimesaini. Miaka miwili. Msimamizi amenipa kalamu ya zawadi, ndiyo hii ninayoandikia, na inavuja.

Sikulaumu. Umesema kweli, na kweli ndiyo niliyokuomba. Lakini kwa kuwa tunaambiana kweli, acha nami niseme yangu. Ungeniandikia "njoo", ningekuja. Bila paa, bila maji, ningekuja. Ningeweka cherehani mlangoni kwa Bibi yako nikawatilia watu viraka. Nilikuuliza kuhusu soko kwa sababu niliona aibu kukuuliza lile lingine.

Kula vizuri. Nikipewa ruhusa ya kuja nitakuambia. Mwaka huu hawajasema.

Mama yako.

*

Ijumaa, 12 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo.

Kwanza soko, nikusanye nguvu. Tuliandika barua kulialika Baraza la Jiji lifanye kikao ndani ya soko; lilikuwa wazo la Bibi. "Mtu akikuambia chakula chake kimeiva," alisema, "mwombe ale na yeye." Jibu la ofisi ya diwani lilipokuja, Mama Mizani alilisoma langoni kwa sauti, palepale Meya alipokatia utepe, na alipofika "si salama kwa waheshimiwa" ilibidi arudie, watu hawakuamini. Fundi viatu alilipeleka redioni, wakalisoma mara mbili. Tangu siku hiyo askari wakija, wenzako wanainua nakala ya ile barua, na askari wanasoma, wanakohoa, wanaondoka. Wamerudi barabarani. Paa halijarudi. Bwana Hivi Karibuni amehamishia simu yake kwa karani, na karani hapokei. Meya amesema atatuma wataalamu. Fundi viatu anasema wakija, safari hii hatufagii.

Hayo ndiyo ya soko. Sasa nimeishiwa na soko.

Mama, siku ile barua yako ya kuuliza ilipofika, nilijibu palepale. Niliandika neno moja: Njoo. Nikaikunja, nikaiweka kwenye bahasha, nikaenda nayo mpaka stendi. Kondakta alikuwa ananyoosha mkono. Mvua ikaanza, nikamwona Mama Mizani anavuka barabara na mwavuli wake na mzigo wa maharage, anaingia kwenye lile soko lisilo na paa kwa sababu askari walikuwa nyuma yake. Nikakuona wewe badala yake. Nikarudi nyumbani nikaichana.

Nilipokaa kuandika upya, kila sentensi iliyonihusu mimi ilikuwa inageuka kuwa "njoo". Nikisema sijambo, inakuwa njoo. Nikisema Bibi amepika, inakuwa njoo. Nikaona njia pekee ni kujitoa kabisa kwenye barua, libaki soko peke yake. Nikaandika Yah. Nikaweka namba. Nilidhani nakuachia nafasi uamue bila kuvutwa na mtu. Sikujua kwamba unageuza karatasi kunitafuta.

Sijasimama bila wewe, Mama. Sijui nani alikuambia. Siku ya Meya alinipita karibu kiasi kwamba harufu ya manukato yake ilinikaa puani, na ile karatasi ya hoja ilikuwa mkononi mwangu, na mkono haukunyooka. Mama Mizani hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniliza. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kiti chako cha cherehani. Cherehani yenyewe Bibi ameifunika kwa shuka. Niliingiza mkono chini ya shuka nikalizungusha gurudumu taratibu, nisikie ile sauti. Nafanya hivyo kila siku. Bibi anajua, anajifanya anasinzia.

Nina hamu nawe. Nina hamu na vipande vya uzi kwenye gauni lako. Nina hamu ya kusikia unavyoongea na pini mdomoni. Nilikuwa nakuandikia kuhusu mabati kwa sababu wewe ulisema soko likifunguliwa utarudi, kwa hiyo kila nilipoandika "bado limefungwa" nilikuwa nasema hilihili.

Sikuulizi tena lini utarudi. Umesaini, na mimi ndiye niliyesababisha. Ila hakuna mkataba uliosema mimi nisije.

Barua hii simpi kondakta. Ninaiandika ndani ya basi lake, amenikalisha kiti cha dirishani na kila tukisimama ananiuliza kama nina kiu. Bibi amenifungia chakula na kuniambia nikae kwako mpaka wewe unichoke. Nilimwambia nitakueleza yote haya kwa mdomo nikifika. Akaniletea karatasi.

Kwa hiyo, Mama, kama umefika kwenye mstari huu, zamu yako imekwisha, upo getini, na mimi nimesimama mbele yako nikiangalia viatu vyangu. Usiniulize kitu. Hata salamu usiidai, nimeshaiandika juu. Kunja karatasi, uniangalie vizuri, halafu unishike.

Mwanao.